Lishe ya Kobe: Kwa Nini Magugu Yamfaa Kuliko Ugali

Wahenga walisema kwamba ukimwona kobe ameinama usimdharau, kwani anatunga sheria. Katika nchi ya Nassa, kando ya Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria, kobe aonekanapo ameinama mara nyingi huwa anakula. Anachokichuma, anachokiruka, na muda anaoutumia kutoka mmea mmoja hadi mwingine, hayo yote yana sheria yake. Sheria hiyo ni ya maumbile, na mtu amfugaye kobe akiivunja, adhabu humwangukia kobe, si mfugaji.

Nassa imo katika Wilaya ya Busega, ambayo tangu mwaka 2012 ni sehemu ya Mkoa wa Simiyu wenye makao makuu yake Bariadi. Kabla ya hapo eneo hili lilihesabiwa katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Upande wa mashariki, mwendo usio mrefu, huanza nyika za Serengeti ambazo mkono wake wa magharibi hufika karibu na ziwa. Kwa hiyo si ajabu kwamba mvua zinapoanza kunyesha, kobe huonekana njiani, kando ya mashamba na katika malisho ya ng'ombe.

Tuseme wanafunzi wawili wanamwokota kobe mmoja wakitoka shuleni. Wanampeleka nyumbani, wanamweka ndani ya boksi, na kwa nia njema wanampa kile ambacho wao wenyewe hukiona kuwa ni chakula: kipande cha ugali, mkate uliolowekwa, nyanya na ndizi mbivu. Kobe anakula, tena kwa pupa, na kila mtu anafurahi. Miezi inapita. Gamba linaanza kuota vichuguu, kisha pembeni linakuwa laini kiasi cha kubonyea chini ya kidole. Miguu ya nyuma inakosa nguvu. Hatimaye kobe anakufa, na watu wanasema amekufa kwa ugonjwa au kwa uzee, ingawa mnyama huyo angeweza kuishi miongo mingi.

Makala haya yanakusudia kueleza kisa cha kifo hicho kwa njia ya sayansi, na kuonyesha ni mimea gani ya mahali hapa inayomfaa kobe, na kwa sababu gani.

SHERIA YA NCHI KWANZA

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba kobe wa porini ni mnyamapori. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, hairuhusiwi kumkamata wala kumfuga mnyamapori bila kibali. Biashara ya kobe kati ya nchi na nchi nayo imewekewa masharti na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini.

Kwa hiyo kobe mzima aonekanaye porini aachwe hapo alipo. Akiwa katikati ya barabara, inatosha kumvusha taratibu upande ule aliokuwa akiuelekea. Asiinuliwe bila sababu wakati wa kiangazi, maana kobe aliyeshtuka aweza kuyamwaga maji aliyoyahifadhi katika kibofu chake, na maji hayo ndiyo akiba yake ya majira ya ukame. Kobe aliyejeruhiwa, au aliyekutwa mikononi mwa watu, apelekewe habari zake kwa maofisa wa wanyamapori wa wilaya au wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Maelezo yafuatayo yanawahusu wale wanaomtunza kobe kwa kibali, wale wanaomhifadhi kwa muda wakisubiri maofisa, na wanafunzi wote wa biolojia wanaotaka kujua jinsi mwili wa mla majani unavyofanya kazi.

SI KOBE WOTE WALAO CHAKULA KIMOJA

Kosa la kwanza la wafugaji wengi ni kudhani kwamba kobe ni kobe tu. Tanzania ina aina kadhaa, na kila aina ina meza yake.

Aliye mashuhuri zaidi katika nyika za Simiyu ni kobe wa madoa, ambaye gamba lake la manjano lina mabaka meusi kama ya chui. Jina lake la kisayansi ni Stigmochelys pardalis. Huyu ni mla majani hasa: hula nyasi, magugu ya majani mapana, mimea yenye maji mengi, na matunda yaliyoanguka. Joseph Kabigumila wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichunguza maisha na chakula chake kaskazini mwa Tanzania, na matokeo ya uchunguzi huo yalichapishwa mwaka 2001.

Wa pili ni kobe bapa, Malacochersus tornieri, ambaye gamba lake jembamba limelala kama chapati, naye hujificha katika nyufa za majabali. Wanasayansi walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1903, kutokana na kobe aliyepatikana Busisi, ng'ambo ya pili ya Ghuba ya Mwanza. Huyu sasa amo katika hatari kubwa ya kutoweka, na tangu mwaka 2019 amewekwa katika kundi lenye ulinzi mkali kuliko yote katika mkataba uliotajwa hapo juu.

Wa tatu ni kobe mwenye bawaba, ambaye aweza kuikunja sehemu ya nyuma ya gamba lake. Aina mojawapo huitwa Kinixys spekii, kwa heshima ya yule yule Speke ambaye jina lake limepewa ghuba ya Nassa. Huyu si mla majani tu, bali hula pia uyoga, jongoo na wadudu wengine.

Ni dhahiri basi kwamba ushauri unaomfaa mmoja waweza kumdhuru mwingine. Makala haya yanamhusu kobe wa madoa.

TUMBO LILILO KAMA CHUNGU CHA KUCHACHUSHIA

Kobe hana meno. Hukata majani kwa mdomo mgumu mfano wa mdomo wa ndege, kisha humeza vipande bila kuvisaga. Majani hayo yamejengwa kwa selulosi, na hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo awezaye kuivunja selulosi kwa vimeng'enya vyake mwenyewe. Ng'ombe amelitatua tatizo hili kwa kuwafuga bakteria katika tumbo lake la kwanza. Kobe naye anao bakteria wa namna hiyo, ila wake wamo upande wa nyuma, katika utumbo mpana. Humo majani huchachuka polepole, na bakteria hutoa asidi nyepesi ambazo mwili wa kobe huzifyonza na kuzitumia kama nguvu.

Kazi hii haina haraka. Chakula chaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki, kabla ya kutoka, ikitegemea joto la mwili na wingi wa nyuzinyuzi. Kwa kuwa kobe hawezi kujitengenezea joto la kutosha kama afanyavyo ng'ombe au binadamu, yeye huliazima kutoka kwa jua. Mwili wake ukifikia nyuzi 30 za Sentigredi au karibu na hapo, uchachushaji huenda vizuri, ukipoa, huzorota.

Wafugaji wa Kisukuma wanajua vyema yatokeayo ng'ombe akivunja mlango wa ghala na kula nafaka kwa wingi. Tumbo hufura, mnyama hulegea, na pengine hufa. Wanga na sukari vimewafikia bakteria kwa ghafla, uchachushaji umekwenda mbio, asidi imezidi, na wale bakteria wazoefu wa nyasi wamekufa. Kobe alishwaye ugali, mkate na ndizi mbivu hupatwa na jambo la namna hiyo hiyo, ila kwa kipimo kidogo na kila siku. Huharisha, minyoo na vijidudu vingine hustawi katika utumbo wake, na ingawa anakula sana, mwili wake haupati kile unachokihitaji.

Hapa ndipo penye kinyume cha mazoea yetu. Binadamu husifu chakula laini, kitamu na chenye kushibisha. Kwa kobe wa madoa chakula bora ni kikavu, kikali, chenye makapi mengi na lishe ndogo. Magugu ambayo mkulima huyang'oa na kuyatupa ndiyo karamu yake.

GAMBA NI MFUPA ULIO HAI

Watu wengi hudhani kwamba gamba la kobe ni nyumba aliyoivaa, kama konokono. Sivyo. Gamba ni sehemu ya kiunzi cha mifupa yake: uti wa mgongo na mbavu vimeungana na sahani za mifupa na kuwa kuba moja. Juu ya mifupa hiyo kuna vigae vya keratini, yaani kitu kile kile kifanyacho kucha na pembe. Chini ya vigae mna damu na hisia. Ndiyo maana kulitoboa gamba ili kupitisha kamba ni ukatili, tena ni kuufungulia mlango ugonjwa.

Kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wake ni mfupa, kobe akuaye huhitaji kalsiamu kwa wingi kuliko wanyama wengi wa ukubwa wake. Lakini wingi wa kalsiamu peke yake hautoshi. Lazima uzidi wingi wa fosforasi. Inashauriwa kwamba katika chakula chote kalsiamu iwe angalau mara moja na nusu hadi mara mbili ya fosforasi. Fosforasi ikizidi, huzuia kalsiamu isifyonzwe. Kalsiamu ya damu inaposhuka, mwili huamuru ichotwe kutoka katika mifupa, maana bila kalsiamu ya damu misuli na moyo haviwezi kufanya kazi. Kwa maneno mengine, kobe hulila gamba lake mwenyewe kutoka ndani.

Tazama vipimo vifuatavyo, ambavyo ni vya wastani, kwa miligramu katika kila gramu 100:

Punje za mahindi: kalsiamu 7, fosforasi 210.
Ndizi mbivu: kalsiamu 5, fosforasi 22.
Nyanya: kalsiamu 10, fosforasi 24.
Majani ya kunde: kalsiamu 63, fosforasi 9.
Dungusi kakati: kalsiamu 164, fosforasi 16.
Mchicha: kalsiamu 215, fosforasi 50.

Mwanafunzi akigawanya, ataona kwamba katika mahindi fosforasi ni mara 30 ya kalsiamu. Katika majani ya kunde mambo ni kinyume: kalsiamu ni mara 7 ya fosforasi. Katika dungusi kakati ni mara 10. Hesabu hii ndogo yatosha kueleza kwa nini kobe wa boksini alilegea gamba.

Hata hivyo mtu asikimbilie kumlisha kobe mchicha peke yake kwa kuwa tarakimu yake ya kalsiamu ni kubwa. Mchicha una asidi ya oksaliki nyingi, ambayo huishika kalsiamu na kuifanya isiyeyuke, hivyo sehemu kubwa yake hutoka na kinyesi bila kumfaa mnyama. Tarakimu ya kemia huonyesha kilichomo katika jani. Haionyeshi kitakachoingia katika damu.

Porini kobe wa madoa ana njia nyingine ya kuziba upungufu huu. Ameonekana akitafuna mifupa mikavu ya wanyama waliokufa, na hata kula kinyesi cha fisi. Kinyesi cha fisi, kama wachungaji wajuavyo, hukauka na kuwa cheupe kama chokaa, kwa sababu fisi hutafuna mifupa. Kobe wa nyika za Serengeti basi hupata sehemu ya gamba lake kutokana na mabaki ya nyumbu, yaliyopitia tumboni mwa fisi.

JUA NA UNYEVU

Kalsiamu haifyonzwi vizuri pasipo vitamini D, na kobe hujitengenezea vitamini hiyo katika ngozi kwa msaada wa miale ya urujuanimno ya jua. Nassa iko kusini kidogo tu mwa Ikweta, na uso wa Ziwa Viktoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mahali kama hapo jua si haba. Katika nchi za baridi wafugaji hulazimika kununua taa maalum kwa ajili ya kazi hiyo. Ingekuwa msiba wa kujitakia kumnyima kobe wa Nassa kile ambacho wengine hukinunua. Boksi lililo ndani ya nyumba humnyima, na dirisha la kioo halisaidii, kwani kioo cha kawaida huzuia miale hiyo. Kobe akae nje, penye jua na pia penye kivuli cha kukimbilia saa za mchana.

Kuhusu vichuguu vya gamba, wengi walidhani kwa muda mrefu kwamba vinasababishwa na protini nyingi. Mwaka 2003 Wiesner na Iben wa Vienna walichapisha matokeo ya jaribio juu ya kobe wachanga wa Sahel, ndugu wa kobe wetu. Kobe waliolelewa katika hewa kavu waliota vichuguu virefu kuliko waliolelewa katika hewa yenye unyevu mwingi, ilhali tofauti za protini zilikuwa na athari ndogo. Kwa hiyo maji nayo ni sehemu ya lishe. Kobe awekewe sinia pana lenye maji ya kina kifupi, awezalo kuingia na kutoka bila taabu, na maji yabadilishwe kila siku. Kobe mchanga apate pia mahali penye majani yenye unyevunyevu pa kujificha, kwa maana porini hutumia muda wake mwingi chini ya vichaka, si juani.

MEZA YA KOBE KATIKA NASSA

Mimea ifaayo haihitaji kununuliwa. Yaweza kugawanywa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni nyasi, nazo ziwe takriban robo tatu ya chakula chote cha kobe mkubwa. Ukoka ni bora, kwa kuwa huota karibu kila mahali na huvumilia kuliwa. Mabingobingo machanga yafaa pia, yakikatwakatwa. Kobe mchanga, ambaye mdomo wake haujapata nguvu, apewe ncha laini za nyasi pamoja na majani mapana kwa wingi zaidi.

Fungu la pili ni magugu na mboga za kienyeji zenye majani mapana: mchunga, kongwa, kishona nguo, mbigili kabla haijakomaza miiba, mlenda, mgagani na majani ya kunde. Mchunga ustahili sifa ya pekee. Uchungu wake, ambao humfanya mtoto akunje uso, haumsumbui kobe hata kidogo.

Fungu la tatu ni mimea yenye maji mengi, hasa dungusi kakati. Vipande vyake vyafaa wakati wa kiangazi kwa kuwa huleta maji na kalsiamu pamoja. Miiba iondolewe kwanza kwa kisu au kwa kuibabua motoni. Maua ya haibiskasi nayo huliwa kwa furaha.

Fungu la nne ni vitu vya kutolewa kwa nadra na kwa kiasi kidogo: mchicha, matembele, majani ya maboga, kabichi, na kipande cha tunda mara moja moja. Hivi si sumu. Kosa ni kuvifanya kuwa chakula cha kila siku.

Visivyofaa kabisa ni ugali, mkate, wali, maharage, nyama, dagaa na maziwa. Kisamvu kibichi ni hatari, kwani majani ya muhogo yakivunjwa hutoa sianidi. Binadamu hukitwanga na kukichemsha muda mrefu hadi sumu hiyo iondoke; kobe hana kinu wala chungu. Mnyonyo, na minyaa ambayo wengi huipanda kuwa ua wa boma, visiwekwe karibu naye. Utomvu wa minyaa huunguza mdomo na macho.

Kalsiamu ya nyongeza yaweza kupatikana kwa kuosha maganda ya mayai, kuyachemsha, kuyakausha na kuyasaga, kisha kunyunyiza kidogo juu ya majani mara mbili kwa wiki. Kipande cha mfupa mkavu uliochemshwa nacho chaweza kuachwa uani. Chokaa ya kupaka ukutani isitumiwe kamwe, maana huunguza.

KWA NINI MIMEA IWE YA AINA NYINGI

Mwalimu aweza kuulizwa na wanafunzi: kama ukoka ni mzuri na dungusi ni zuri, kwa nini kobe asipewe hivyo viwili tu? Jibu ni kwamba mimea haikuumbwa ili iliwe. Haiwezi kukimbia, kwa hiyo karibu kila mmea hujilinda kwa kemikali: mmoja kwa oksaliki, mwingine kwa sianidi, mwingine kwa uchungu au kwa utomvu. Mla majani porini hujihami kwa kutoutegemea mmea mmoja. Huuma hapa, husogea, huuma pale. Hivyo hakuna kinga moja ya mmea ifikayo kipimo cha kumdhuru, na pungufu la jani moja hufidiwa na jani jingine.

Mfano mzuri uko katika kisiwa cha Aldabra cha Ushelisheli, makao ya kobe wakubwa mno. Huko kobe wamelisha kwa muda mrefu juu ya zulia la mimea midogo yenye zaidi ya aina 20 za nyasi na magugu. Jamaa za kobe hao waliletwa katika kisiwa cha Changuu, Zanzibar, mwaka 1919, wakiwa zawadi kutoka Ushelisheli. Wao hulishwa kwa kiasi kikubwa na mikono ya watu. Kobe aliye katika ua hawezi kuchagua, hivyo hana budi mtunzaji wake amchagulie. Aina tano au sita kwa siku, zikibadilishwa wiki kwa wiki, ni kipimo kizuri.

HATARI ITOKAYO SHAMBANI

Simiyu ni mkoa wa pamba, na hapo pana jambo la kuangaliwa sana. Pamba hupandwa mvua zinapokolea, kuanzia Novemba, na katika miezi ifuatayo hunyunyiziwa dawa dhidi ya funza wa vitumba na wadudu wengine. Majira hayo ndiyo magugu huwa mengi na mabichi shambani. Mtoto atumwaye kutafuta majani ya kobe ataona ni rahisi kuyachuma katikati ya mistari ya pamba. Asifanye hivyo. Dawa iliyoangukia pamba imeangukia magugu pia, na kobe, ambaye hula bila kuosha na ambaye chakula hukaa mwilini mwake siku nyingi, hupata sumu kwa ukamilifu. Tahadhari hii yafaa hata kwa mboga za binadamu.

Majani yachumwe mbali na mashamba ya pamba na mbali na kando ya barabara kuu. Mahali pazuri ni uwanja wa shule, au ngitili, kwa idhini ya mwenyewe. Ngitili, kama Wasukuma wajuavyo, ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi ziote na kuwa akiba ya kiangazi. Fikra hiyo hiyo yamfaa mtunza kobe. Kabla mvua hazijaisha mwezi Mei, nyasi zikatwe zikiwa bado na rangi ya kijani, zikaushwe kivulini, na zihifadhiwe pakavu. Kuanzia Juni hadi Septemba kobe atapewa nyasi hizo kavu pamoja na dungusi na maji. Nyasi zilizoota ukungu zitupwe.

JARIBIO LA DARASANI

Somo hili laweza kufundishwa bila kumgusa kobe hata mmoja.

Kwanza, chukua mfupa mwembamba wa paja la kuku, uusafishe, uutumbukize katika siki, na uuache siku tano hadi saba huku siki ikibadilishwa mara moja. Mfupa utakuwa laini, nao utapindika bila kuvunjika. Asidi ya siki imeyeyusha chumvi za kalsiamu, ikabaki protini. Mfupa mwingine ulio sawa nao uwekwe katika maji matupu kwa ajili ya kulinganisha. Wanafunzi waulizwe: gamba la kobe aliyelishwa ugali limefanana na mfupa upi?

Pili, pimeni kipande cha mraba cha mita moja katika uwanja wa shule wakati wa mvua, na kingine mwezi Julai. Hesabuni aina za mimea katika kila kimoja na kuandika majina yake kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Wazee wa kijiji watasaidia panapokosekana jina. Orodha hiyo yenyewe ni jedwali la chakula cha kobe kwa majira mawili.

Tatu, mahali ambapo kobe anatunzwa kwa kibali, apimwe uzito na urefu wa gamba kila mwezi, na grafu ichorwe. Ukuaji wa haraka mno si jambo la kujivunia. Imeonekana kwamba kobe wa madoa wafugwao hukua kwa kasi kubwa kuliko wenzao wa porini, kwa sababu ya chakula kingi mno. Kila amshikaye kobe anawe mikono kwa sabuni, kwani wanyama wa jamii hii huweza kubeba bakteria wa Salmonella bila wao wenyewe kuugua.

Kobe haliaki wala habweki anapoumwa, na makosa ya lishe huonekana katika gamba lake miezi mingi baada ya kufanywa, wakati ambapo yaliyokwisha haribika hayanyooki tena. Kwa sababu hiyo maarifa yamfae mapema. Na kwa yule kobe wa porini anayepita kando ya shule, lililo bora ni kumtazama akiinama, kuandika daftarini ni jani gani alilolichuma, na kumwacha aende zake.